Fainali ya Saa Nne na Nusu

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimechoka. Wamarekani wamesogeza saa mbele tangu jana, wameniibia saa nzima ya usingizi, na hakuna aliyeniomba radhi. Nimefika kazini Oakdale macho yamevimba. Mzee ninayemhudumia pale, miaka themanini na tisa, akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado.

Habari kubwa: Liverpool wako fainali ya Kombe la Ligi Jumapili hii, dhidi ya Newcastle. Gilbert, ndugu yangu mdogo aliyeko Kakamega, ameniandikia kwamba mechi ni saa moja na nusu usiku kwao. Nikatoa saa tisa. Saa nne na nusu asubuhi kwetu. Miaka kumi na tatu nimeishi Minnesota, kutoa tisa ni kama kujikuna. Sihitaji kuangalia kwenye simu.

Nimerudi nyumbani Brooklyn Park na kukuta habari ya pili. Leseni ya unesi ya Rahab, mke wangu, imetoka. Amefanya ule mtihani mara nne. Mara tatu ulimwangusha, na mara zote tatu alirudi kwenye meza ya jikoni na vitabu vyake bila kusema neno. Leo amecheka mpaka akakaa chini. Nikafurahi, kwa kweli nikafurahi. Nikamkumbatia.

Halafu, akiwa bado mikononi mwangu, akasema ibada ya shukrani ni Jumapili hii, kanisani, saa nne na robo asubuhi.

Nikaendelea kumkumbatia. Lakini akili ilikuwa imeshatoka nje, inatafuta ufunguo wa gari.

Rahab anataka kitu kimoja tu. Nisimame kando yake mbele ya watu na niseme maneno machache. Kwa sababu, akasema, mtihani wa kwanza sikumpeleka. Wa pili nilisahau ni siku gani. Wa tatu nilimpeleka, nikalala kwenye gari nikiwa nimefunga milango, akatoka analia na akagonga dirisha dakika tano nzima. Hakusema kwa ukali. Alisema tu kama mtu anayesoma orodha ya dukani. Safari hii nataka usimame nami, Baba Kendi, akasema.

Nikaahidi. Mume gani angekataa?

Jumanne, 11 Machi

Siku ya hovyo. Liverpool wametolewa Ulaya na Paris kwa penalti. Sikuona hata mpira mmoja. Nilikuwa namwogesha mzee. Matokeo nimeyapata kwa Griffins, ambaye alinitumia picha ya jeneza, halafu dakika kumi baadaye picha ya jeneza hilohilo likishushwa.

Griffins ni mzee wa kanisa letu na MC wa kila harusi, kila mazishi na kila chai tangu nifike jimbo hili. Ni Man United. Timu yake mwaka huu haina lolote, kwa hiyo ametangaza kwamba mpaka Jumapili yeye ni Newcastle. Mwulize Newcastle iko upande gani wa Uingereza, atakuonyesha kidole angani.

Nimegundua pia kwamba ni yeye aliyepanga hiyo saa nne na robo. Na ameandika "kamili" kwenye programu. Kamili! Sisi jengo tunaazima kwa Wazungu wanaomaliza ibada yao saa nne kasorobo, na tangu tuanze kuliazima hatujawahi kufungua Biblia kabla ya saa tano. Kila Mkenya hapa anajua kwamba saa iliyo kwenye kadi ni ya kuoga. Sasa ghafla kamili?

Rahab anasema ni kwa ajili ya Chepkemoi. Huyu Chepkemoi ni nesi wa siku nyingi huko Saint Paul. Kila Jumanne na Alhamisi, miaka miwili, amekuja kukaa kwenye meza yetu ya jikoni na kumfundisha Rahab bure, malipo yake chai ya maziwa. Jumapili anaingia kazini saa sita na nusu, kwa hiyo lazima awe ameondoka kanisani mapema. Rahab amesema bila Chepkemoi hakuna shukrani, kuna chakula tu.

Sawa. Lakini mimi namjua Griffins. Huyo anataka kunifungia kanisani wakati kombe linachezwa.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimefanya kazi nzuri. Kichwa kinauma lakini nimeifanya.

Nimempigia simu Mchungaji Rigobert wakati wa mapumziko ya mchana. Ni Mkongo wa Bukavu, mtu mpole, na mahubiri yake huchukua saa moja na dakika kumi, akijizuia. Nikamsalimu vizuri, nikamwuliza hali ya familia, nikamwuliza hali ya magoti. Kisha nikasema kwa unyenyekevu kwamba mimi ni mtu mdogo, ila kuna jambo linanisumbua rohoni. Shukrani ikiwekwa mwanzo, nikasema, watu watashangilia, watapiga picha, watasikia harufu ya pilau, na neno la Mungu litahubiriwa kwa viti.

Nilimsikia akipumua. Halafu akasema mimi niko na ukweli kabisa, Mungu anibariki, voilà, shukrani itakuja nyuma ya mahubiri, saa sita na nusu.

Hesabu yangu ni hii. Mechi inaanza saa nne na nusu, inaisha saa sita na dakika ishirini hivi. Saa sita na nusu niko mbele ya madhabahu na tai yangu. Wote wanafurahi.

Bado ilibaki sababu ya kutokuwepo kanisani kabla ya hapo. Nayo nimepata. Pilau ya shukrani inapikwa na Kibibi, mama wa Mombasa anayekaa Frogtown. Mume wake, Abdulghani, ana duka la vitambaa pale University Avenue na ni Liverpool wa damu. Televisheni yao ni kubwa kama mlango wa gereji. Nikajitolea kwenda kuichukua hiyo pilau mwenyewe. Rahab alishangaa, maana sijawahi kujitolea hata kutoa takataka.

Kuhusu saa kubadilishwa, Rahab akauliza, na Chepkemoi je? Nikamwambia aniachie, nitaongea naye, abadilishane shifti na mtu. Akauliza kama nitamwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nikasema ndiyo, mimi mwenyewe. Basi akatulia.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia Abdulghani kupanga Jumapili. Akasema karibu sana ndugu yangu, mechi ni saa tano na nusu. Nikamsahihisha. Saa nne na nusu. Akasema kwa upole kwamba saa zimesogezwa, kwamba hata futari yao imeruka saa nzima tangu Jumapili iliyopita, na kwamba mtu anayefunga hawezi kukosea mambo ya saa. Nikamwambia ni njaa inayoongea. Yeye hutazama saa kusubiri futari, mimi hutazama saa kusubiri mpira, na kila mtu na fani yake. Akacheka, akasema nije nitakapo, mlango hautafungwa.

Hapo ndipo nilipokumbuka ni Ramadhani, maana nilikuwa nimeshamwuliza kama Kibibi atatutengenezea mahamri ya kutazamia mpira. Aibu kidogo. Nitabeba ndizi.

Jioni Griffins amenipigia, moto. Amesema nusu saa bila kupumua. Eti nimevuruga programu. Eti nimemwendea mchungaji nyuma ya mgongo wake. Eti saa nne na robo ilikuwa na sababu zake na mtu mzima angeuliza kwanza. Nikamwacha aongee. Mtu akikasirikia tofauti ya saa mbili tu, ujue ni wivu, basi. Mwisho akasema aliyebadilisha programu aiongoze, yeye U-MC ameacha.

Nikakubali papo hapo. Miaka yote hii nimemtazama akishika maikrofoni kwa vidole viwili kama kikombe cha kahawa. Jumapili nitaishika mimi.

Chepkemoi bado sijamwambia. Nilianza kuandika ujumbe, nikafuta. Ni mwanamke anayeuliza maswali. Akiuliza kwa nini imebadilishwa, nitasema nini? Nimechoka, kesho.

Ijumaa, 14 Machi

Shifti mbili mfululizo. Mwenzangu hakuja, theluji iliyoyeyuka imefanya mashimo barabarani na gurudumu lake limeingia humo. Magurudumu yangu yote yalifika salama, ndiyo maana nimefanya kazi ya watu wawili.

Nimefika nyumbani, Rahab amevaa gauni lake la Jumapili, la kijani, Kendi anampiga picha. Kendi ni binti yetu, ana miaka kumi na minne. Anaelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza chote. Rahab akageuka mbele ya kioo, akaniuliza anaonekanaje. Nikasema anaonekana kama nesi. Akatabasamu sana, zaidi ya nilivyotarajia. Kwa kweli alikuwa mzuri. Nilikaa kwenye kiti na viatu vyangu, nikamtazama, nikajisikia mtu mwenye bahati.

Akauliza kama nimeandaa maneno. Nikamwambia maneno yako moyoni, yananisubiri tu nisimame. Akauliza kama Chepkemoi amekubali kubadilishana shifti. Nikasema nimemwandikia.

Si uongo. Nimemwandikia. Sijatuma.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeosha gari. Nimepiga pasi suti. Nimeweka ndizi nne kwenye mfuko.

Mchana nimempigia Chepkemoi. Ikaita mara mbili, nikakata. Niliwaza kwamba kama angekuwa na nafasi angeshika haraka. Baada ya dakika moja akanipigia yeye. Nikaitazama simu ikitetemeka juu ya meza mpaka ikanyamaza. Sijui kwa nini. Huyu mama hajawahi kunikosea. Amekunywa chai kwetu miaka miwili na kila mara ameosha kikombe chake.

Baadaye nimejiambia kwamba lazima ameshasikia. Wakenya wa Minnesota hatuwezi kuficha kitu. Mtu akipata mafua Brooklyn Park, jioni anaombewa Rochester. Programu imebadilishwa tangu Jumatano, nani hajui?

Rahab hajampigia kwa sababu mimi nimesema nimeshamaliza. Ameshinda akiimba jikoni. Nimelala kidogo kwenye kochi na nikaota Liverpool wamebeba kombe na mimi ndiye MC.

Jumapili, 16 Machi

Naandika nikiwa kwenye gari, nje ya nyumba yetu. Sijafukuzwa. Sijaingia tu.

Saa tatu na nusu asubuhi nikaaga. Rahab akaninyoosha tai, akauliza kwa mara ya mwisho kama Chepkemoi anajua. Nikasema anajua. Akasema nisichelewe. Yeye angetangulia na Kendi kutandika vitambaa mezani, kwa sababu wageni wakija saa tano anataka kila kitu kiwe tayari.

Saa nne na dakika kumi nikagonga kwa Abdulghani. Akafungua akiwa na kikoi, macho mazito. Alikuwa amelala tena baada ya daku. Akauliza kuna nini. Nikasema mpira. Akasema mpira saa tano na nusu. Nikamcheka, nikaingia, nikawasha televisheni. Mwanamume mmoja alikuwa anauza sufuria zisizogandisha. Nikamenya ndizi, nikakumbuka nimo ndani ya nyumba ya waliofunga, nikairudisha mfukoni ikiwa imemenywa.

Saa nne na dakika ishirini, simu. Chepkemoi. Sikushika. Dakika nne baadaye, tena. Sikushika. Nikaigeuza simu kifudifudi juu ya zulia ili nisione.

Saa nne na nusu ikafika. Yule mtu bado anauza sufuria. Abdulghani alienda kunawa uso kwa muda mrefu, nadhani kwa heshima.

Nikampigia Gilbert kwa simu ya Abdulghani. Akasema kwao ni saa kumi na mbili na nusu jioni, bado saa nzima. Akaniuliza kama Amerika saa zimeisha.

Nikakaa chini. Saa walizosogeza Wamarekani ndizo hizo hizo ninazotoa. Tangu Jumapili iliyopita si tisa, ni nane. Hiyo saa moja niliyolalamikia wiki nzima ilikuwa imekaa hapo mbele yangu, nami nikaipita kama jirani tuliyekosana naye.

Basi nikahesabu upya. Mpira saa tano na nusu mpaka saa saba na dakika ishirini. Shukrani ya mke wangu saa sita na nusu, katikati kabisa. Na MC ni mimi. Lakini kwa ile saa nne na robo ya Griffins, ile niliyohangaika wiki nzima kuing'oa, shukrani ingeisha saa tano, nikapanda gari, nikafika Frogtown kabla timu hazijaingia uwanjani. Ningeona mechi nzima na nisingemdanganya mtu. Niliiangusha kwa mikono yangu.

Mtu mwenye akili angeondoka wakati huo. Mimi nikasema pilau haijaiva. Kweli haikuwa imeiva.

Nikaamua kipindi cha kwanza tu. Mpira ukaanza. Liverpool walicheza kama watu waliofanya shifti mbili. Karibu na mapumziko Kibibi akatoka jikoni na kijiko, akaniomba nionje chumvi, maana yeye amefunga na hakuna mwingine wa kuonja. Ilikuwa kona ya Newcastle. Nikasema iko sawa mama, iko sawa kabisa, kabla kijiko hakijafika. Kibibi akarudi jikoni. Beki wao mmoja mrefu akapanda, akapiga kichwa, bao. Abdulghani akafunika uso kwa mikono yote miwili, akasema la haula.

Mapumziko. Nikapakia trei tatu, nikaingia barabara ya 94, nikakanyaga. Saa sita na dakika arobaini na tano nikafungua mlango wa kanisa na trei kifuani.

Mchungaji alikuwa bado anahubiri. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mahubiri yale kuliko nilivyowahi kumshukuru. Rahab alikuwa mstari wa tatu, gauni la kijani, ametulia. Sikumwona Chepkemoi. Sikumwona Griffins pia, nikafurahi. Nikaweka trei, nikajifuta jasho, nikasubiri. Mchungaji aliposema amina nikatembea mpaka mbele, nikashika maikrofoni kwa vidole viwili, na nikawakaribisha ndugu wote kwenye ibada ya shukrani ya mke wangu mpendwa, Rahab.

Mtu akakohoa. Nikarudia, nikidhani maikrofoni imezimwa.

Maureen, kiongozi wa kwaya, akainuka kidogo kwenye kiti, akasema taratibu, kama anavyoongea mtu na mgonjwa, kwamba shukrani ilishafanyika asubuhi.

Mchungaji Rigobert akasema basi tumpigie Rahab makofi tena. Wakapiga. Mimi pia nikapiga, maikrofoni mkononi, ikatoa mlio mbaya.

Yaliyotokea amenieleza Maureen baadaye, mezani. Rahab alifika saa nne na dakika ishirini na tano na vitambaa vyake. Akamkuta Chepkemoi amekaa peke yake mlangoni, amevaa nguo za kazi, ameshika kasha mapajani. Alikuwa amewahi. Pembeni mabibi wa ile ibada ya Wazungu walikuwa wanamalizia kahawa yao. Chepkemoi akasema ananipigia sishiki. Rahab akamwuliza kama hakuambiwa saa zimebadilishwa. Akasema hajaambiwa na mtu.

Maureen anasema Rahab aliweka vitambaa chini. Hakulia. Akanipigia mara moja. Kisha akasema waliotakiwa wapo.

Griffins ndiye anayepokea ufunguo wa jengo kila Jumapili, kwa hiyo alikuwepo. Kwaya walikuwepo watano. Mabibi wa Kizungu wakaombwa wabaki, wakabaki na vikombe vyao. Rahab akasimama, akasema mwenyewe maneno yake. Wakaimba. Chepkemoi akafungua kasha, ndani mna stetoskopu mpya, akamvika Rahab shingoni. Hapo ndipo Rahab alilia. Saa tano kamili ilikuwa imekwisha. Chepkemoi akaenda kazini, Griffins akaenda nyumbani kutazama mpira.

Nikatoa simu. Ilikuwepo, simu moja ya Rahab, saa nne na dakika ishirini na nane. Wakati huo nilikuwa natazama sufuria.

Chini yake ujumbe wa Griffins. Newcastle mbili. Na chini zaidi, mwingine, usio na jeneza. Ameandika kwamba aliweka saa nne na robo kwa ajili ya Chepkemoi, na pia ili yeye na mimi sote tuwahi mechi. Alikuwa ameshaninunulia soda.

Pilau haikuwa na chumvi hata chembe. Watu walikula kwa adabu, wakipitishiana kichupa cha chumvi bila kunitazama. Liverpool walipata bao moja mwishoni kabisa. Mbili kwa moja. Hata hilo sikuliona.

Jumatatu, 17 Machi

Rahab hajagomba. Ningependa agombe.

Asubuhi amebandika picha kwenye friji. Katikati ni yeye na stetoskopu. Kulia kwake Chepkemoi, halafu Kendi, halafu Griffins anacheka, halafu bibi mmoja na kikombe. Kushoto kwa Rahab hakuna mtu. Pana nafasi ya mtu mmoja mzima. Nikamwuliza Kendi mbona walisimama vibaya. Akanijibu kwa Kiingereza, akiwa ameinamia bakuli lake la nafaka, kwamba mama aliwaambia waiache hiyo nafasi, labda baba angetokea.

Rahab akanimiminia chai. Akakaa mkabala nami, akauliza, bila hasira yoyote, ni maneno gani niliyokuwa nimeandaa. Alitaka tu kujua, akasema.

Nikatafuta. Miaka minne, mitihani minne, vitabu juu ya meza hii hii. Sikuwa na kitu. Nilikuwa nimepanga kweli kuyapata nikishasimama pale. Alisubiri mpaka chai yake ikapoa. Kisha akachukua ufunguo, akasema nimpigie Chepkemoi nimwombe radhi, hilo tu, akaenda kazini.

Imeniuma. Niandike wazi, imeniuma sana, na nimekaa jikoni saa nzima na koti langu la kazi nikiitazama ile nafasi. Nimechelewa Oakdale. Mzee ameniuliza tena kama nimefiwa.

Chepkemoi nitampigia. Kesho nina nafasi.

Lakini jambo hili linatengenezeka. Nimepita Frogtown baada ya kazi. Jirani na duka la Abdulghani kuna fundi wa picha anayeweza kumwingiza mtu mahali popote. Wengine amewaingiza kwenye harusi zao wenyewe. Nimemwonyesha ile ya friji. Akaipima kwa vidole, akasema nafasi inatosha mtu wa saizi yangu, hata nisipojibana. Nitaonekana nimesimama kando ya Rahab, mkono begani. Nimeagiza kubwa ya kutundika sebuleni, iwe mshtuko mzuri kwake. Nimeagiza na ya pili kwa ajili ya Chepkemoi. Akiiona, ataelewa kwamba nilikuwepo kwa moyo, na pengine ile simu haitahitajika.

Shida ni moja. Picha pekee niliyonayo nikiwa na suti na tabasamu ni ile ya mwaka Liverpool walipobeba kombe, na shingoni nina skafu ya Liverpool. Fundi ameniuliza kama aifute. Nimefikiri sana, kwa sababu hii ni siku ya Rahab. Nimemwambia aiache, ila aipunguzie wekundu kidogo.